KLABU NI YA NANI: MWENYE HISA AU MWENYE MAPENZI?

Kila jioni baada ya sala ya Isha, katika baraza zetu za Mji wa Kale, Majengo na Kisauni, kahawa ikishamiminwa na kashata kupitishwa, mazungumzo hayakawii kufika Uingereza. Vijana ambao hawajapanda ndege wala kuona theluji wanaijua Old Trafford kama waujuavyo uwanja wa Makadara. Watakutajia nani aliumia goti, nani yuko benchi, na nani hafai kuvaa jezi ile. Na wiki ambayo Manchester United imefungwa, utasikia lawama zikimwagwa, si juu ya mlinda lango na mkufunzi peke yao, bali juu ya jamaa moja ya Kimarekani iitwayo Glazer.

Hapo ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya akizungusha tasbihi yake, hugeuka na kuuliza: "Nyinyi wanangu, watu hao wamewakosea nini? Mali si yao?"

Swali la mzee huyo ndilo tunalotaka kulijibu leo, kwani si swali dogo. Ikiwa mtu amenunua kitu na akapewa hati yake, ni nani mwenye haki ya kumwuliza anakiendeshaje? Na ikiwa shabiki hana hata hisa moja, analilia kitu gani? Sisi twaona kwamba imo haki katika kilio cha mashabiki. Lakini twaona pia kwamba liko jambo ambalo mashabiki wenyewe hawana budi kuulizwa, na hasa sisi tulio huku pwani.

MWANZO WAKE ULIKUWA RELI

Yafaa tuanze mwanzo. Klabu ambayo leo inajulikana duniani kote kwa jina la Manchester United haikuanzishwa na tajiri. Ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli, mafundi wa mabehewa katika kituo cha Newton Heath, na ilikuwa ikiitwa kwa jina la mtaa huo. Walikuwa watu wa mshahara mdogo waliotaka kucheza mpira baada ya kazi. Mnamo mwaka 1902 klabu ilielemewa na madeni hata ikawa karibu kufa, ikaokolewa na tajiri mmoja mtengeneza pombe aitwaye John Henry Davies, na hapo ndipo ikapewa jina ililo nalo sasa. Mwaka 1910 ikahamia uwanja wa Old Trafford.

Basi tangu zamani matajiri wamekuwamo, na hatuwezi kusema kwamba klabu ile ilikuwa ya maskini watupu hadi juzi. Lakini kila msiba ulipoipata, ni watu wa kawaida waliosimama nayo. Mnamo Februari 6, 1958 ndege iliyoichukua timu hiyo kutoka Belgrade ilianguka ikijaribu kuruka kutoka Munich, Ujerumani, wakafa watu 23, miongoni mwao wachezaji 8. Mji mzima uliingia matangani. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, klabu hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka Uingereza kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mambo kama hayo hayaandikwi katika daftari la hisa, lakini ndiyo yaliyolipa jina hilo thamani yake. Anayekuja kununua klabu leo ananunua pia machozi ya watu ambao hawakulipwa chochote.

Mwaka 1991 klabu iliingizwa katika soko la hisa la London. Wakati huo wengi walishangilia, kwani hata shabiki wa kawaida angeweza kununua vipande viwili vitatu akavitundika ukutani. Wachache walitambua kwamba mlango unaomruhusu mnyonge kuingia unamruhusu na mwenye nguvu pia. Mwaka 1998 shirika la televisheni la BSkyB lilitaka kuinunua klabu yote, na mashabiki wakapiga kelele mpaka serikali ikaizuia biashara hiyo. Lakini mlango wenyewe haukufungwa.

JAHAZI LILILOJINUNUA

Sasa tufike kwenye kiini cha ugomvi. Malcolm Glazer, mfanyabiashara wa Kimarekani, alianza kununua hisa kidogo kidogo, na mwezi wa Mei mwaka 2005 akaitwaa klabu. Bei ilikuwa kiasi cha pauni milioni 790. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka mfukoni mwake. Zilikuwa fedha za kukopa, na deni kubwa likawekwa juu ya klabu yenyewe, ambayo kabla ya siku hiyo haikuwa ikidaiwa.

Msomaji asiyejua mambo ya mabenki huenda akauliza hilo lawezekanaje. Tumpe mfano wa kwetu. Chukulia kwamba yuko mtu anataka kununua jahazi pale bandari ya zamani. Fedha hana za kutosha. Anakwenda kwa mkopeshaji, anaweka rehani jahazi lile lile ambalo bado si lake, anapewa fedha, anamlipa mwenye jahazi, kisha anapanda chomboni na kuwaambia mabaharia: "Kuanzia leo nauli na shehena zitalipa deni hili na riba yake." Tanga likichakaa, hakuna fedha ya tanga. Ubao ukivuja, hakuna fedha ya kalafati. Jahazi limejinunua lenyewe ili liwe la mtu mwingine!

Kwa sheria za Uingereza jambo hilo halikuwa kosa. Mahakama haikumshtaki mtu. Lakini sisi tuliolelewa tukijua hukumu ya riba katika dini yetu hatuhitaji kuelezwa sana ubaya wake. Riba ni fedha inayokula usiku na mchana, mvua na jua, timu ikishinda na ikishindwa. Kufikia mwanzo wa mwaka 2010 madeni hayo yalikuwa yamepita pauni milioni 700. Na katika miaka iliyofuata, ukijumlisha riba, gharama za mikopo na gawio walilochukua wenye hisa, fedha zilizotoka katika klabu zimehesabiwa kuwa zaidi ya pauni bilioni 1. Fedha hizo hazikununua mchezaji, wala hazikuziba paa la Old Trafford ambalo lilipata sifa mbaya kwa kuvuja mvua.

Mwaka 2012 jamaa hiyo ikaziingiza hisa za klabu katika soko la New York. Na hapa pana ujanja ambao ni watu wachache wanaoujua. Hisa zilikuwa za namna mbili: hisa walizouziwa watu zilikuwa na kura moja kila moja, na hisa zilizobaki mikononi mwa jamaa zilikuwa na kura 10 kila moja. Kwa hivyo hata shabiki aliyetoa fedha zake akanunua hisa, alinunua kiti cha kutazamia tu, usukani haukumfikia.

KILIO CHA MASHABIKI

Tusidhani kwamba mashabiki wa Manchester walikaa kimya. Mwaka ule ule wa 2005, baadhi yao walisema kwamba hawataitoa tena senti yao kulipa deni la mtu mwingine, wakaondoka na kuanzisha klabu yao, FC United of Manchester. Walianza chini kabisa katika madaraja ya mpira wa Kiingereza. Kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa pauni chache au nyingi. Mwaka 2015 walifungua uwanja wao wenyewe, Broadhurst Park. Hawajawa mabingwa wa Ulaya, wala hawatazamii kuwa. Lakini wakiuliza fedha zimekwenda wapi, wanajibiwa.

Waliobaki nao walitafuta njia yao. Mwaka 2010 uwanja wa Old Trafford ulijaa vitambaa vya shingoni vya rangi ya kijani na dhahabu, ambazo ni rangi za Newton Heath ya wafanyakazi wa reli. Hata David Beckham, aliyekuja akiwa na AC Milan, alikiokota kimoja akakivaa wakati akitoka uwanjani. Mwezi wa Aprili mwaka 2021, klabu 12 kubwa za Ulaya, na Manchester United ikiwamo, zilitangaza kuunda ligi yao ya kitajiri ambayo wenyewe wasingeweza kushushwa daraja. Ghadhabu ya mashabiki ilikuwa kubwa mno, hata klabu zote 6 za Uingereza zikajitoa katika muda wa siku mbili. Na Mei 2 mwaka huo mashabiki waliingia Old Trafford kwa nguvu, mechi ya Manchester United na Liverpool ikaahirishwa.

Sisi hatuungi mkono fujo. Kuvunja lango na kuwatisha watu walio kazini si mwenendo mwema, hata mwenye kudhulumiwa ana mipaka yake. Lakini mwenye akili hutazama pia kilichowafikisha watu hapo. Mtu aliyebisha hodi miaka 16 bila ya kuitikiwa, mwishowe husukuma mlango.

SHEKHE NA TAJIRI

Mwishoni mwa mwaka 2022 jamaa ya Glazer ilitangaza kwamba huenda ikauza. Miongoni mwa waliojitokeza alikuwa Sheikh Jassim bin Hamad Al Thani wa Qatar, aliyesema atainunua klabu yote na kufuta madeni. Wengi katika baraza zetu walifurahi. Tuliwasikia wakisema: "Sasa itakuwa mikononi mwa ndugu yetu Muislamu." Lakini mwezi wa Oktoba mwaka 2023 Shekhe huyo alijiondoa, na mwezi wa Februari mwaka 2024 Mwingereza Sir Jim Ratcliffe akanunua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa uendeshaji wa mambo ya mpira. Glazer wakabaki na sauti kubwa kama zamani.

Waliotazamia nafuu ya haraka walivunjika moyo. Mwaka 2024 watumishi wapatao 250 waliondolewa kazini, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba wengine hadi 200 watafuata. Mwishoni mwa mwaka 2024, msimu ukiwa katikati, bei ya tikiti zilizosalia ilipandishwa ikawa isipungue pauni 66, ambazo ni zaidi ya shilingi 10,000 za Kenya, bila ya kupunguziwa mtoto wala mzee aliyestaafu. Na timu yenyewe? Msimu huo wa 2024/25 ilimaliza ligi ikiwa ya 15.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na ndugu zetu waliokuwa wakimwombea Shekhe. Hatuna neno naye, na kufuta deni lingekuwa jambo jema. Lakini dawa ya ugonjwa huu si kubadilisha jina la mwenye mali, wala taifa lake, wala dini yake. Mmiliki mmoja akiwa mwema, mashabiki wana bahati. Akifa akarithiwa na asiye mwema, bahati imekwisha. Malcolm Glazer mwenyewe alifariki mwaka 2014 na klabu ikabaki kwa watoto wake kama vile nyumba na mashamba yabakiavyo kwa warithi. Kitu kinachopendwa na mamilioni ya watu kikagawanywa kama mirathi ya watu sita! Haki isiyosimama ila kwa wema wa mtu mmoja si haki bado, ni hisani.

WAKFU NA MSIMAMIZI

Katika dini yetu na katika mji wetu, jambo hili lilikwisha kufikiriwa zamani. Mtu akitoa kisima, au nyumba, au shamba la minazi kuwa wakfu, kitu hicho hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakiwekwi rehani. Huwekewa msimamizi. Msimamizi huyo ana mamlaka ya kukikodisha, kukitengeneza na kukusanya mapato yake, na hata ujira wake anapewa. Lakini hana ruhusa ya kukila. Akikila, watu wa mtaa wana haki ya kumshtaki ingawa hakuna hata mmoja wao mwenye hati ya kisima kile. Haki yao inatokana na kwamba wao ndio waliokusudiwa kunywa.

Hatusemi kwamba klabu ya mpira ni wakfu wa kisheria. Tusichanganye ibada na mchezo. Twasema kwamba fikra yake ni ile ile, na kwamba ndiyo jibu la yule mzee wa barazani. Ndiyo, mzee wetu, hati ni zao. Lakini jina la klabu, rangi zake, uwanja wake na mapenzi ya watu wake ni amana. Anayezishika ni msimamizi, hata kama amelipa mamilioni ili kupata usimamizi huo.

Na wala hii si ndoto. Ujerumani, tangu mwaka 1998, ipo kanuni kwamba wanachama wa klabu wawe na zaidi ya nusu ya kura hata mwekezaji akiingia, isipokuwa klabu chache zilizoachiliwa kwa sababu zake. Huko Wimbledon, London, mwaka 2002 wakuu wa mpira waliporuhusu klabu ihamishwe hadi mji wa Milton Keynes, mashabiki walianzisha klabu nyingine, AFC Wimbledon, wakapanda daraja baada ya daraja, na mwaka 2020 wakarudi kucheza mtaani kwao Plough Lane. Na Uingereza yenyewe, baada ya miaka mingi ya malalamiko, mwezi wa Julai mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuweka msimamizi wa kitaifa wa kuziangalia klabu, wamiliki wake na hesabu zake.

Lakini tuseme kweli yote. Uanachama peke yake si hirizi. Barcelona ya Hispania ni mali ya wanachama wake, nao humchagua rais kwa kura. Na klabu hiyo iliangukia katika madeni ya zaidi ya euro bilioni 1. Wanachama walikuwapo, kura zilikuwapo, ila macho yalikuwa juu ya mabao na si juu ya daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tugeuze uso. Ni rahisi kumlaani Glazer ukiwa Mombasa, kwani hakusikii. Je, klabu zetu wenyewe zi wapi?

Wazee wetu hawakuwa wageni wa mambo ya uanachama. Zamani za ngoma za beni, Kingi na Skochi zilipokuwa zikishindana hapa Mombasa kwa magwaride na mavazi, kila upande ulikuwa na wakubwa wake wenye vyeo, na watu wake walichanga. Mtu hakuwa mtazamaji tu wa upande wake, alikuwa na sehemu yake ndani. Klabu za mpira za mitaa nazo zilifuata njia hiyo. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, na katika siku hizo na zilizofuata majina ya Feisal na Mwenge yaliujaza mji kwa ushindani ambao wazee husimulia hadi leo. Hata kufikia mwaka 2025 hakuna klabu nyingine ya pwani iliyotwaa tena ubingwa huo wa ligi, na majina hayo mawili hayasikiki tena katika ligi kuu.

Sababu ni nyingi, wala hatutaki kumtupia mtu mmoja mzigo wote. Lakini moja tunaijua: watu waliacha kuchanga wakabaki kutazama. Mtaa ulipoacha kuilisha klabu, klabu ilimtafuta tajiri wa kuilisha. Tajiri alipochoka, au alipokosa alichokuwa akikitafuta, klabu ililala njaa. Na siku ya mazishi yake hapakuwa na daftari la wanachama hata ijulikane ni nani afiwe.

Leo fahari ya pwani katika ligi kuu ni Bandari, ambayo ni ya Halmashauri ya Bandari za Kenya. Imetuletea heshima: imekuwa ya pili katika ligi, na mwaka 2019 ilitwaa Ngao na kupata nafasi ya kwenda kucheza barani Afrika. Twashukuru. Mchezaji mwenye mwajiri mkubwa ana afadhali kuliko mchezaji anayengojea mchango wa mtu. Hata hivyo, klabu ya shirika ni klabu ya shirika. Shabiki wa Likoni au wa Changamwe anaweza kuishangilia mpaka sauti imkauke, lakini hana kura, na siku ambayo wakubwa wa shirika lolote wakiamua kwamba mpira ni gharama isiyo na faida, yeye atasoma habari hiyo gazetini kama mtu mwingine yeyote. Si vibaya, basi, mashirika yenye klabu yakawapa mashabiki kiti kimoja au viwili katika kamati, wakasikia na wakasikilizwa.

Na tusisahau lile la mwaka 2019. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipokosa leseni na kuondoa udhamini wake, Gor Mahia na AFC Leopards, klabu mbili kubwa za nchi hii zenye mashabiki wasiohesabika, ziliyumba. Klabu zenye mapenzi ya watu wengi namna hiyo zilikuwa zimesimama juu ya mguu mmoja, na mguu wenyewe ni kamari, ambayo sisi Waislamu twajua hukumu yake na ambayo imewamaliza vijana wetu wengi. Lau kila shabiki angekuwa mwanachama mwenye kadi na mchango wake mdogo wa kila mwezi, kamari isingekuwa mlezi wa mpira wetu. Haba na haba hujaza kibaba.

Majirani zetu Tanzania wamejaribu njia ya katikati. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mfumo wa hisa ambao kwao mwekezaji hapiti asilimia 49, na wanachama wanabaki na 51. Ugomvi na manung'uniko hayakwisha, na hatudai kwamba wamefika. Lakini walau swali la "klabu ni ya nani" waliliweka mezani wakalipigia kura, na hawakungoja mpaka mtu awauze usingizini.

YA KUFANYA

Kwa hivyo maoni yetu ni haya. Klabu yoyote ya mtaa inayojiita klabu, kutoka Vanga hadi Lamu, na iwe na daftari la wanachama na kadi zao. Na iitishe mkutano mkuu kila mwaka, na mweka hazina asome hesabu kwa sauti, aulizwe na ajibu. Na katiba yake iseme wazi kwamba jina, rangi na kiwanja havitauzwa wala havitawekwa rehani pasipo idhini ya wanachama wengi. Mfadhili akija, na apokewe kwa heshima na ashukuriwe. Lakini apokewe sebuleni kama mgeni, asikabidhiwe funguo za nyumba nzima.

Na kwa shabiki twasema hivi: mapenzi yana haki, na yana wajibu pia. Yule kijana anayelipa kila wiki kuingia kibandani kutazama Manchester United, na kununua jezi yake kila mwaka, ajiulize ni lini mara ya mwisho alipotoa shilingi 50 kwa timu ya mtaa wake. Ajiulize kama anamjua mwenyekiti wake kwa jina. Mashabiki wa Manchester walioanzisha FC United hawakuwa matajiri. Walichoka kulalamika, wakakaa kitako wakaandika majina yao.

Mzee wa barazani aliuliza kama mali si yao. Jibu letu ni kwamba hati ni yao, amana ni ya watu. Lakini amana haimngojei mtu aliyelala. Mkutano wa klabu ya mtaani kwenu ukiitishwa, pengine utakuta viti 40 na watu 6, na hao 6 ndio watakaoamua. Usije ukalaumu baadaye, kwani asiyekuwapo na lake halipo.